Wagumu wapya, kushuka ndo kuna kazi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ugumu msimu huu, yaani kubeba mizigo ya wageni mlimani, kupanda Kilimanjaro mtafundishwa na kila mtu, kunywa maji, pole pole, usifiche kichwa kikiuma. Kushuka hakuna anayekufundisha, wanakwambia tu sasa ni mteremko. Mimi wagumu wengi niliowaona wanarudi Moshi wanachechemea waliumia siku mbili za mwisho, na mimi nikiwemo.

Fikiria njia ya Machame. Wageni wanatoka kambi ya Barafu usiku wa manane kwenda kilele cha Uhuru, wewe unabaki kambini mita 4,673, baridi kali, usingizi wa mang'amung'amu, na maji pale hakuna, mmeyabeba kutoka kambi ya Karanga. Asubuhi wageni wanarudi wamechoka, wanapumzika kidogo, wanakula, halafu mnang'oa hema mnashuka mpaka Mweka Camp, kama mita 3,100. Hizo ni zaidi ya mita 1,500 chini kwa mchana mmoja na mzigo kichwani, na mwili wako haujalala vizuri siku kadhaa. Goti linabeba vyote hivyo.

Sasa kosa letu ni kukimbia. Unawaona wakongwe wanateremka mbio na mtungi wa gesi kichwani na wewe unataka kuwafuata ili uwahi nafasi nzuri ya hema. Wale wanajua kila jiwe la pale, wewe hujui. Safari yangu ya pili niliwafuata, chini ya Mweka Camp msituni, mvua ilikuwa imenyesha usiku, nikakanyaga mzizi uliochubuka gome, ule unaong'aa mweupe, mguu ukaenda zake na mimi na mzigo tukaenda kwingine. Goti lilivimba nikakosa safari mbili, yaani mshahara na tipu za safari mbili, na nyumbani walikuwa wananitegemea. Mzizi wa hivyo usiukanyage kabisa, ruka au kanyaga tope la pembeni, bora uchafuke. Hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo, usishuke na mguu ulionyooka.

Kucha kata kabla hujatoka nyumbani sio kambini. Na kabla ya kuondoka Barafu kaa chini ufungue kamba zote za kiatu, gonga kisigino chini kirudi nyuma kabisa, ndo ufunge, na pale kwenye kifundo kaza sana. Ukiacha legevu vidole vinagonga mbele njia nzima na ukifika getini kucha ya dole gumba imeshakuwa nyeusi. Kama huna viatu vya maana wala nguo za baridi usione aibu, KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wapo Moshi wanawaazima wagumu bure, nendeni.

Mzigo wa kampuni ni kilo 20, kupanda na kushuka. Chakula kimeisha ndio, lakini hema zilizolowa zinakuwa nzito na watu wanapenda kumrundikia mgeni wa kazi vitu vya mwisho mwisho. Kama unaona umezidi sema palepale kambini mbele ya wenzako, kwa heshima, usisubiri njiani. Na takataka zishuke zote, usimwage chochote porini, ule mlima ndo unatulisha.

Halafu tipu. Ikitangazwa simama karibu usikie kiasi kwa masikio yako, hata kama umechoka vipi. Mimi kuna siku nilishaingia kwenye gari nimelala, nikapewa pungufu ya wenzangu na sikuwa na cha kubishia kwa sababu sikuwepo. Iliniuma sana ile.

Ukifika home viatu osha tope jioni hiyohiyo, jaza magazeti ndani, weka penye upepo sio karibu na moto maana gundi inaachia, na kama goti bado limejaa asubuhi mwambie kiongozi wako safari ya kesho ampe mwingine.