Maswali yenu ya dhahabu: bei ya redioni na bei ya mkononi

Mzee, ni kweli bei ya dhahabu haishuki kamwe? (Msomaji, Busia)

Si kweli, na nimeshalijibu mara nyingi. Narudia kwa sababu bado watu wanauza ng'ombe kwa kuamini uongo huu. Januari 1980, dunia ikihofia mfumuko wa bei, mapinduzi ya Iran na Wasovieti kuingia Afghanistan, aunsi moja (kipimo cha uzito) ya dhahabu ilifika dola 850 mjini London. Kisha ikaporomoka. Mwaka 1999 ilikuwa kwenye 250 hivi. Ile 850 haikuonekana tena hadi Januari 2008, na kufikia hapo dola yenyewe ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Mwaka 2011 ikapita 1,900; mwisho wa 2015 ikawa 1,050 hivi. Mwenye karo ya kulipa muhula ujao hawezi kungoja hivyo. Usikope sacco kununua dhahabu.

Babu alisema zamani bei ilikuwa moja tu. Iliwezekanaje?

Serikali ya Marekani ndiyo iliyoipanga: dola 20.67 kwa aunsi, kisha 35 kuanzia 1934 chini ya Rais Roosevelt. Agosti 1971 Rais Nixon akakataa kuzibadilishia nchi nyingine dola zao kwa dhahabu, na muda si mrefu bei ikaachiwa soko.

Kila nikipeleka mzigo, mnunuzi anasema bei ya dunia imeshuka. Redio inasema imepanda. Nani mwongo? (Mchimbaji, Mubende)

Fanya hesabu kabla hujatoka nyumbani. Bei ya redioni ni ya aunsi ya dhahabu safi, na aunsi hiyo ni gramu 31.1. Ukigawa kwa 28, ile aunsi ya dukani, utadhani umeibiwa hata kama hukuibiwa. Oktoba 2025 ilipovuka dola 4,000, gramu safi ilikuwa dola 128 na ushee. Yako si safi. Ikiwa ni asilimia 90, ni kama dola 116, na hapo mnunuzi hajatoa faida yake. Sina ugomvi na faida yake. Nina ugomvi na anayekulipa kwa bei ya wiki iliyopita, au kwa kiwango cha kubadilisha dola alichokishusha mwenyewe.

Sasa mizani. Isome sifuri kabla punje haijawekwa. Feni izimwe, mlango ufungwe, mkono wake usiguse meza. Akikasirika, chukua punje yako uondoke.

Na hukuuliza, lakini nakuambia: zebaki ya kukamatia dhahabu usiichomee jikoni. Moshi wake hauonekani, na unamdhuru mtoto hata akiwa bado tumboni.

Kuna mtu Kampala anauza kilo nzima kwa nusu ya bei ya dunia. Tuchange tununue?

Hapana. Mwenye dhahabu halisi hupata karibu bei kamili kwa mnunuzi mwenye leseni. Kwa nini akuachie nusu? Akitaja ada ya kulipwa kwanza ili mzigo utoke uwanja wa ndege, zima simu. Swali hili sitalijibu tena.

Benki Kuu ya Uganda ikinunua dhahabu ya hapa nchini, bei itapanda?

Bei ya dunia, hapana. Hiyo hupangwa London, New York na Shanghai. Miongoni mwa walioisukuma juu ni benki kuu za dunia, ambazo kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024, nyingi zikiogopa yaliyoipata Urusi akiba yake ilipozuiwa na nchi za Magharibi. Mpango wa Kampala uliotangazwa 2024 una faida nyingine: mnunuzi mwenye bei inayojulikana. Lakini mchimbaji mdogo atafaidika tu ikiwa ununuzi utamfikia Busia na Mubende. Ukiishia kwa madalali wakubwa, hali yake itabaki ileile, na wabunge wa maeneo hayo wanapaswa kuuliza sasa.

Mke wangu ana pete ya karati 18. Tuiuze sasa bei ikiwa juu?

Robo tatu tu ya uzito wake ndiyo dhahabu, na sonara hatakulipa gharama ya ufundi. Pete ni yake, aamue yeye.