Kabla ya kuandika kanuni ya Farenhaiti ubaoni

Mwalimu anayekabidhiwa somo la vipimo vya joto kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kuandika kanuni: zidisha nyuzi za Selsiasi kwa 9, gawanya kwa 5, kisha jumlisha 32. Nami nilianza hivyo hivyo katika shule moja jijini Arusha, na wanafunzi walipata vema karibu zoezi zima. Siku ya tatu niliwauliza: ikiwa asubuhi palikuwa na nyuzi 15 za Selsiasi na mchana zikafika 25, je, kwa Farenhaiti joto limepanda kwa nyuzi ngapi? Darasa zima likajibu 50. Walikuwa wamechukua ile 10 na kuitia kwenye kanuni, ilhali nyuzi 15 ni 59 za Farenhaiti na 25 ni 77, hivyo ongezeko ni 18.

Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimewatenganishia kiasi cha joto na badiliko la joto. Tangu hapo naanza na saa. Mtoto wetu huona simu imeandika 8:00 naye husema ni saa mbili, bila mtu kumfundisha kanuni ya kutoa 6; tena anajua kwamba kipindi cha dakika 40 ni dakika 40 kwa hesabu zote mbili. Hapo anaelewa kwamba tofauti ya mahali pa kuanzia kuhesabu haigusi urefu wa muda. Kisha nageukia shilingi ya Kenya na ya Tanzania, ambazo zote huanzia sifuri, kwa hiyo anayebadilisha fedha pale Namanga huzidisha tu, wala hajumlishi kitu. Farenhaiti ina mambo yote mawili kwa pamoja, sifuri iliyohamishwa na hatua zenye ukubwa tofauti, na ndiyo maana huwasumbua watoto.

Baada ya hapo nachora mistari miwili wima, wa kwanza ukiwa na 0 kwenye barafu inayoyeyuka na 100 kwenye maji yanayochemka, wa pili ukiwa na 32 na 212. Wanafunzi wenyewe hugundua kwamba hatua 100 za upande mmoja ni hatua 180 za upande wa pili, na 9 kwa 5 inajitokeza bila kuletwa na mwalimu. Hupenda pia kusikia kwamba Anders Celsius, katika skeli yake ya mwaka 1742, aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, na ikageuzwa baadaye.

Ukichemsha maji mbele ya darasa, jaribu kwanza peke yako. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Mimi sikujiandaa, nikakilaumu kipimajoto mbele ya watoto, nacho hakikuwa na kosa. Usitumie kamwe kipimajoto cha zahanati kwa jaribio hilo: skeli yake huishia kwenye nyuzi 42 hivi, na kikipasuka, zebaki yake ni sumu.

Kelvini haihitaji muda mrefu. Hatua zake ni sawa na za Selsiasi, hivyo kwa hesabu za darasani hujumlishwa 273 tu, na neno nyuzi halitumiki pamoja nayo.

Kwa kumalizia kipindi nawapa kazi ya kushuka ngazi bila kanuni: anzeni na 0 na 32, kisha kila mstari punguzeni 5 upande wa Selsiasi na 9 upande wa Farenhaiti. Wanaandika −5 na 23, −10 na 14, −15 na 5, na hapo wengine husita, kwa kuwa kutoa 9 kwenye 5 bado kunawatisha. Wanaoendelea hupata −20 na −4, kisha −25 na −13, na ukimya huanza kuingia darasani wanapoona namba zinasogeleana, hadi kwenye ngazi ya nane mmoja anapopaza sauti kwamba pande zote mbili zimeandika −40.