Msikimbilie Mwembeni

Jumamosi nilisimama nyuma ya kundi la wanafunzi pale Makumbusho ya Livingstone, Ujiji, nikamsikia mmoja wenu, waongoza wageni wenzangu, akimaliza ziara kwa dakika kumi. Sanamu, mnara, ile salamu ya mwandishi Stanley alipompata mpelelezi Livingstone ("Dk. Livingstone, nadhani?"), picha, asanteni kwa kuja. Wadogo zangu, nawapenda, ila roho iliniuma. Sote tunajitolea, hakuna anayetukimbiza.

1. Mwembe wa 1871, ule unaosemwa walikutana chini yake, ulishakufa. Iliyopo ni uzao wake. Semeni mapema, kabla mgeni hajaukumbatia.

2. Ziwa. Kila mgeni huuliza mbona maji yako mbali. Enzi zile Tanganyika ilijaa zaidi, kwa kuwa mdomo wa mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ulikuwa umeziba. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka mita kadhaa. Mwonyesheni mteremko, ataelewa mwenyewe.

3. Livingstone alitoka wapi? Hapa ndipo nilipoharibu, na bado naumia.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja bibi mmoja wa hapa hapa Ujiji na wajukuu wawili. Nikamwamkia, nikaanza kwa kasi: Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, akaja kupumzika, Stanley akamkuta. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye salamu, maana hapo ndipo watu hucheka na kutoa simu.

Bibi akauliza, "Alikuwa anatoka wapi?"

"Manyema, bibi, ng'ambo ya ziwa, Kongo."

"Nini kilimrudisha?"

"Kuumwa."

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mjukuu wangu, sisi ni Wamanyema. Bibi wa mama yangu aliingia mji huu na kamba shingoni."

Na mimi nilikuwa nimesoma! Nilijua kwamba tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, huko Manyema, kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki katikati ya umati wa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Walikufa mamia, wengi kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akakata tamaa ya safari, akageuka kurudi Ujiji. Nilikuwa nalijua lote hilo, nikaliruka kwa sababu halifurahishi. Nikamwacha bibi na wajukuu wake nje ya habari yao wenyewe, wakiwa wamesimama kwenye mji wao. Nilimwomba radhi, nikaanza upya. Tulikaa kivulini karibu saa mbili, na nusu ya muda ule alisimulia yeye.

4. Susi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemsalimu kwanza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, kabla hajamfikia Livingstone. Na Livingstone alipofariki 1873, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao ndio waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, miezi njiani. Mtoto wa darasa la tano aondoke anayajua majina hayo mawili.

5. Watoto wakae kivulini, ninyi ndio msimame juani. Na wazee wa Ujiji wapeni kiti kwanza, halafu waulizeni wanatoka ukoo gani.

Jumamosi ijayo nipo getini saa mbili asubuhi. Yule wa dakika kumi aje mapema, tuanzie Nyangwe pamoja.