Kwa nini mtoto asiyetulia apewe dawa ya kuchangamsha

Swali la mzazi: mwanawe wa miaka 8 mwenye ADHD (hali ya kutotulia na kukosa umakini) kaandikiwa methilifenideti (wengi wanaijua kama Ritalin). Iweje mtoto asiyetulia aongezewe kichangamshi?

Kinachochangamshwa ni breki. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo humzuia mtoto asirukie kila kinachopita, nayo hutegemea kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini. Seli ya neva huzimwaga kemikali hizi kwenye mwanya kati yake na seli ya pili, halafu huzinyonya tena. Methilifenideti huziba njia hizo za kunyonyea, hivyo kemikali hukaa mwanyani muda mrefu zaidi na ujumbe unafika. Amfetamini, kichangamshi kingine cha ADHD, huenda mbali zaidi: huingia ndani ya seli na kuzitoa kemikali hizo nje kwa wingi.

Ila ubongo wa mbele unataka kiasi. Kemikali hizo zikipungua, mtoto hatulizani. Zikizidi, kazi yake inaharibika vilevile, na mtoto anakuwa kama zezeta, anakodolea daftari, hata mzaha haumchekeshi. Watu wakiona hivyo hufurahi kwamba katulia. Hiyo ni dozi iliyozidi, mrudishe kwa daktari. Ndiyo maana huanzwa na mg 5 mara moja au mbili kwa siku, ikapandishwa mg 5 hadi 10 kila wiki, kikomo cha kawaida kikiwa mg 60 kwa siku.

Kidonge cha kawaida hudumu saa 3 hadi 4 tu. Kikimezwa saa moja na nusu asubuhi, saa tano na nusu kimekwisha. Kwa hiyo mwalimu akisema hesabu za asubuhi safi, ila kabla ya chakula cha mchana mtoto analialia na kugombana, usikimbilie kuongeza dozi. Dawa imeshuka; zungumza na daktari kuhusu dozi ya pili au vidonge vya kutoa dawa polepole. Hivyo vya polepole visipondwe wala kutafunwa, kwani dawa ya siku nzima itamwagika kwa mpigo. Dozi ya jioni, nayo, hufukuza usingizi.

Hamu ya kula itapungua. Mpe uji mzito na yai kabla ya kidonge, na chakula kingine cha maana usiku. Presha na mapigo ya moyo yapimwe kabla ya kuanza na kila dozi inapobadilika. Urefu na uzito viandikwe mara kwa mara. Kama kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuna wanaosema "mpe tu, akitulia basi anayo ADHD". Uongo huo. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa wavulana wasio na tatizo lolote dekstroamfetamini (aina ya amfetamini), nao wakatulia na umakini ukapanda.