Dakika kumi na ungo wa mchele

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, foleni imefika hadi kwenye benchi la muuza chai. Mimi ni wakala wa pesa za simu huku Mbagala, mwaka wa saba sasa. Mteja alinitajia namba, nikabonyeza, nikaweka namba ya siri, na shilingi 380,000 zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Yeye alitaja sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika 9 mahali pa 6. Mwili ulikuwa kibandani, lakini akili ilikuwa kwenye kodi ya nyumba, kwenye homa ya mtoto, na kwenye maneno makali niliyojibizana na dada yangu usiku wa kuamkia siku ile.

Aliyepokea alizitoa palepale. Nikamlipa mteja kutoka kwenye floti yangu, yaani pesa yangu ya kuendeshea kibanda.

Tangu siku hiyo usingizi ukakata. Nikishtuka saa nane za usiku nasikia moyo unadunda mpaka masikioni. Nikajua ni presha, nikaenda kupima. Presha ilikuwa ya kawaida. Muuguzi, mama wa makamo, alivua kile kitambaa cha kipimo mkononi mwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una mawazo?" Nikalia pale pale kwenye kiti.

Kiswahili kimelijua jambo hili tangu zamani. Tukisema mtu ana mawazo, hatumaanishi kwamba anafikiri vizuri, tunamaanisha anateseka. Na mtu huyo akipata nafuu, tunasema ameshusha pumzi. Muuguzi yule alinifundisha kuishusha kwa makusudi, bila kungoja nafuu ije kwanza: vuta hewa kwa pua ukihesabu polepole mpaka nne, kisha itoe ukihesabu mpaka sita. Ukihesabu kwa sekunde, zinakuwa pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20. Siri iko kwenye kutoa. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu, madaktari wanauita vagasi, unaotoka kwenye ubongo kushuka mpaka moyoni na tumboni, na unapotoa pumzi mshipa huo huyapunguza kasi mapigo ya moyo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, utausikia moyo wako ukipungua mwendo wakati pumzi inatoka. Mimi nilipousikia kwa mara ya kwanza niliamini.

Pumzi ilinisaidia kurudi usingizini. Mchana, hata hivyo, akili iliendelea kuzurura. Nikajaribu kukaa chini na kufumba macho dakika ishirini kama nilivyoona kwenye video, nikashindwa vibaya. Kila nikifumba macho naona ile namba. Nikaamua kwamba kutafakari si kwa watu wa aina yangu.

Kisha nikasoma habari za Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya kutuliza akili kwa kutafakari mwaka 1979 katika chuo kikuu cha tiba huko Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuisha kwa dawa. Zoezi mojawapo ni la kula zabibu kavu moja: unaitazama, unaigusa, unainusa, ndipo unaitafuna taratibu. Nikamkumbuka bibi yangu, Ifakara, amekaa mkekani na ungo mapajani, hasemi na mtu mpaka mchele umalizike. Nikaona zoezi langu ninalo jikoni siku zote.

Jioni naacha simu chumbani. Natoka kibarazani na ungo wenye mchele wa kupika siku hiyo, naukusanya upande mmoja, halafu navuta punje chache chache kwa vidole. Mchele ni wa baridi kidogo. Unaacha unga mweupe kwenye ncha za vidole. Chuya inaonekana upesi kwa sababu ina ganda la rangi ya udongo, lakini kijiwe cheupe kinajificha, na usipokuwepo kwa akili yako yote kinapita, utakikuta kwenye jino. Na akili lazima itaondoka! Nitajua imeondoka pale nitakapokuta vidole vinatembea na macho hayaoni kitu. Hapo narudi, bila kujigombeza, kwenye punje iliyo mbele yangu. Dakika kumi nzima naweza kwenda na kurudi mara thelathini. Wengi huachia hapa wakidhani wameshindwa, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Kwako labda ni kufua, kupiga pasi au kusuka ukili. Kazi yoyote ya mikono inafaa.

Nimeulizwa kama hii ni dini ya watu wengine. Chimbuko lake kwa sehemu kubwa ni Ubudha, sitaficha hilo. Lakini kuchambua mchele kwa utulivu hakuombi chochote kwenye imani yako. Mimi ni Mwislamu, na niseme ukweli, sala yangu ya Magharibi ina utulivu zaidi kuliko zamani.

Jambo moja sikulitegemea. Kodi na biashara viliingia na kutoka, ila wazo la dada lilirudi kila jioni kwenye ungo ule ule. Nilipumua wiki mbili, halikuondoka. Mwishowe nikaelewa kwamba halihitaji pumzi, linahitaji nimpigie simu. Nikampigia. Tulinyamaza sana katika mazungumzo yale, lakini tukamaliza. Kwa hiyo wazo likikurudia hivyo, litazame: huenda kuna mtu wa kuombwa msamaha, deni la kupangiwa tarehe, au kipimo cha hospitali unachokikwepa.

Kibandani sasa, kabla ya namba ya siri, nyayo zote mbili naziweka sakafuni, nashusha pumzi moja, namsomea mteja namba kwa sauti. Ni sekunde kumi tu. Wapo wanaonung'unika, nami nawasomea hivyo hivyo.

Kama uliwahi kupigwa, kubakwa au kupata ajali mbaya, usijilazimishe kufumba macho, maana kimya kinaweza kuyarudisha yale. Acha macho wazi, gusa ukuta, taja vitu vitano unavyoviona. Na kama huzuni imekukaa wiki mbili au zaidi, huli, hulali, au unawaza kufa, usingoje ungo. Mwambie mtu leo, aende nawe hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Dodoma kuna hospitali ya Mirembe, na popote ulipo anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukifika, sema yote, hata kama umekwenda kupima presha tu.