Maswali ya Wasomaji: Gauni Lililopanda na Maua Yanayokunja Kitambaa

SWALI: Nilinunua kitenge mjini Moshi, muuzaji akanihakikishia kwamba ni pamba tupu, na fundi akanishonea gauni refu lenye bitana. Nilipolifua mara ya kwanza lilipanda, bitana ikawa inachungulia chini, na zipu ya mgongoni ikajipinda kama nyoka. Ni nani kati yao aliyenidanganya?
Msomaji wa Majengo, Moshi

JIBU: Kwa dalili ulizozieleza, muuzaji alisema kweli, kwa kuwa pamba hurudi. Kitambaa kinapofumwa, nyuzi za mtande, yaani zile zinazofuata urefu wa jora, hukazwa sana kwenye mtambo, na zikiingia majini hulegea na kujivuta. Ndiyo maana gauni lako limefupika kuliko lilivyobana. Bitana, ambayo kwa mafundi wetu wengi ni ya poliesta, hairudi hivyo, wala utepe wa zipu haurudi, kwa hiyo vyote viwili vimebaki na urefu wa siku ya kushonwa huku kitenge kikiviacha. Fundi tunaweza kumlaumu kwa jambo moja tu: hakuuliza iwapo kitambaa kilikuwa kimelowekwa.

Mwombe apandishe pindo la bitana, kisha aifumue zipu na kuishikiza upya kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya mkono, kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. Kitenge kijacho kiloweke wewe mwenyewe kabla hakijakatwa, usikikamue kwa kukisokota, kianike kivulini na ukipige pasi kingali na unyevunyevu. Usishtuke kikilegea, kwani ukakamavu wa dukani mara nyingi ni wanga tu, ingawa wanunuzi wengi huuchukulia kuwa alama ya ubora.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kununua jora zima, omba kipande kidogo, uchomoe nyuzi mbili tatu na kuzichoma juu ya sahani ya bati ukizishika kwa kibanio. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usitumie vidole, kwa sababu poliesta iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi.

SWALI: Ninatarizi vitambaa vya meza, lakini kila ua hukikunja kitambaa. Nitumie mshono gani?
Msomaji wa Kaloleni, Arusha

JIBU: Nadhani unavuta uzi mno. Kaza kitambaa kwenye fremu ya mviringo, na kwa kuwa uzi wa kutarizi kwa kawaida huwa na nyuzi 6 zilizolala pamoja, zitenganishe na utumie 2 tu kwa maua madogo. Petali zizungushie mshono wa mnyororo badala ya kuzijaza kwa nyuzi ndefu za kulala, ambazo hukivuta kitambaa na kunasa kwenye kila kitu. Unapomaliza uzi usifunge fundo. Pitisha sindano chini ya mishono michache upande wa nyuma, ndipo ukate.