Setilaiti Iliyookolewa na Injini ya Majaribio

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni fundi wa madishi hapa Mombasa. Dishi likisumbua, hupanda juu ya paa, nikaligeuza, nikakaza skrubu, mambo yakaisha. Nimesikia kwamba yako mashirika yanayorusha setilaiti za mawasiliano zikiwa na mitambo ambayo haijawahi kutumika angani. Kwa nini kitu cha majaribio kiwekwe mahali ambapo hakuna fundi awezaye kupanda?
*Msomaji, Majengo*

Jibu: Waalaikumu salaam, fundi. Hakuna karakana inayoweza kuiga kikamilifu hali iliyopo kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinakokaa setilaiti za mawasiliano, kwa muda wa miaka 10 au 15, ambapo chombo huchomwa na jua upande mmoja na kuganda upande wa pili, tena kikipigwa na mionzi bila kupumzika. Vyumba vya majaribio vya ardhini huiga sehemu tu ya hayo, na kwa muda mfupi. Kampuni inayouza matangazo ya televisheni haipendi kuwa ya kwanza kununua mtambo ambao haujapita mtihani huo, nao mtambo hauwezi kupita mtihani mpaka apatikane wa kuurusha. Kwa hiyo kazi hiyo huangukia zaidi mashirika ya umma, kama NASA ya Marekani na Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ambayo huunda setilaiti yenye kazi yake halisi na kuipandisha pamoja na mitambo michanga.

Jambo linalozingatiwa sana ni kwamba mtambo mchanga usipewe kazi ambayo ukishindwa, setilaiti nzima imekufa. Tazama ATS-6 ya Marekani, iliyorushwa Mei 1974 na mwaka uliofuata ikasogezwa hadi longitudo ya nyuzi 35 mashariki, yaani juu ya magharibi ya Kenya yetu hii, ili irushe vipindi vya elimu vya televisheni kwa vijiji vipatavyo 2,400 vya India. Ilikuwa na injini 2 za ayoni za majaribio, yaani injini za umeme zinazosukuma kwa kufyatua nje atomi zilizonyang'anywa elektroni; hizi zilitumia metali ya sesiamu. Moja ilifanya kazi kwa saa 1, nyingine kwa saa 95, kisha zote mbili zikagoma. Vijiji vya India vilipata vipindi vyao kama ilivyopangwa.

Mfano unaonivutia zaidi, hata hivyo, ni Artemis ya Ulaya, kwa sababu kwayo mambo yalikwenda kinyume: mitambo iliyozoeleka ndiyo iliyoshindwa, na ya majaribio ndiyo iliyookoa. Ilirushwa tarehe 12 Julai 2001 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, pamoja na setilaiti ya Japani iitwayo BSAT-2b. Sehemu ya juu ya roketi ilipata hitilafu, na badala ya kuziacha katika njia ambayo kilele chake kinakaribia kilomita 36,000, ikaziacha kwenye njia yenye kilele cha kilomita 17,500 hivi. BSAT-2b ikawa imepotea. Artemis ilikuwa na mafuta zaidi, lakini kama ingeyatumia yote kupanda, ingefika juu bila ya akiba ya kuendeshea kazi.

Wahandisi waliwasha injini yake kubwa kwa awamu mpaka ikatulia katika duara la kilomita 31,000 hivi, wakaizima. Zilibaki kilomita 5,000. Ndani ya Artemis zilikuwamo injini 4 ndogo za ayoni, zilizowekwa ili kuthibitisha kama zinaweza kuizuia setilaiti isiyumbe kaskazini na kusini kwa mvuto wa mwezi na jua. Hakuna aliyezikusudia kuwa za kusafiria. Kwa kuwa zilifungwa kuelekea kaskazini na kusini, haziwezi kuisukuma mbele, na ilibidi setilaiti yenyewe igeuzwe ubavu kwa nyuzi 90 na kwenda hivyo hivyo, mkao ambao kompyuta yake haikuandaliwa kuumudu. Basi programu mpya zikaandikwa ardhini na kutumwa kwa redio, hata takriban asilimia 20 ya programu za kukiongoza chombo zikawa zimebadilishwa kikiwa huko huko juu. Hilo ndilo paa ambalo mafundi wa setilaiti huweza kulipanda. Injini za ayoni zilianza kazi ya kuipandisha Februari 2002, kwa wastani wa kilomita 15 kwa siku, na tarehe 31 Januari 2003 Artemis ikafika kituoni kwake, nyuzi 21.5 mashariki, juu ya Kongo.

Swali: Mhariri, nimestaafu baada ya miaka mingi katika vyumba vya injini za meli. Nasoma kwamba injini za umeme za setilaiti zina msukumo mdogo mno. Yawezekanaje zisukume chombo cha tani 3?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Ni kweli, mzee wetu, msukumo ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Injini moja ya Artemis ilisukuma kwa takriban milinewtoni 15, ambayo ni chini ya thuluthi moja ya uzito wa karatasi ya A4 uliyoilaza kiganjani. Wewe umezoea chombo ambacho injini ikizimwa, maji hukisimamisha; huko juu hakuna cha kukisimamisha, kwa hiyo kila kasi ndogo inayopatikana hubaki na kurundikana juu ya ile ya jana. Injini huchukua gesi ya zenoni, huzinyang'anya atomi zake elektroni, kisha umeme wa paneli za sola huzifyatua nje kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, ilhali moshi wa injini ya kawaida ya setilaiti hutoka kwa kilomita 3 hivi. Kilo moja ya zenoni hufanya kazi ya kilo kama 10 za mafuta ya kawaida. Gharama yake ni muda, na mwenye setilaiti anayengoja kuuza huduma huuhesabu muda huo kwa fedha. Hata hivyo biashara imekubali: Machi 2015 zilirushwa kwa pamoja setilaiti 2 za mawasiliano zilizoundwa na Boeing, ABS-3A na Eutelsat 115 West B, ambazo zilipanda mpaka vituoni kwa injini za ayoni peke yake.

Swali: Je, Artemis ingali juu yetu, na ilijaribu kitu gani kingine?
*Mwanafunzi, Tudor*

Jibu: Haiko kazini tena. Mwaka 2014 ilikabidhiwa kampuni ya Avanti ya Uingereza, na mwaka 2017 ikainuliwa juu ya njia ya setilaiti nyingine na kustaafishwa. Ilipokuwa kituoni, dishi la Mombasa lingeielekea kwa kutazama magharibi kwa mwinuko wa nyuzi 68 hivi.

Kitu kingine kikubwa ilichojaribu ni mawasiliano ya leza. SPOT 4 ya Ufaransa ilikuwa ikipiga picha za dunia kutoka kilomita 832 tu, na setilaiti ya kimo hicho huonekana na kituo cha ardhini kwa dakika chache kila ipitapo, ilhali Artemis iliweza kuiona kwa muda mrefu zaidi. Novemba 2001, Artemis ikiwa bado imekwama kilomita 31,000, SPOT 4 iliipelekea data kwa mwali wa leza, megabiti 50 kwa sekunde. Ugumu ulikuwa katika kulenga: mwali huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde kusafiri, na kwa muda huo SPOT 4 imekwisha kusogea mamia ya mita, hivyo Artemis, ili mwali wake nao uifikie, ililazimika kulenga pale SPOT 4 itakapokuwa. Desemba 2006 jaribio hilo likafanywa na ndege iliyokuwa ikiruka Ufaransa.

Leo mfumo wa Ulaya uitwao EDRS, ambao chombo chake cha kwanza kilirushwa Januari 2016, hupokea kwa leza picha za setilaiti za Sentinel kwa kasi ifikayo gigabiti 1.8 kwa sekunde. Leza haipenyi wingu zito, la masika yetu wala la Ulaya, kwa hiyo picha hizo EDRS huziteremsha ardhini kwa mawimbi ya redio.